Kutazama Sound of Metal bila sauti

Nimeitazama Sound of Metal mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa laptop ya rafiki kule hosteli, wakati bado nilikuwa naitwa mwanafunzi. Nililia mwishoni, nikaandika kwa status kwamba hii ndiyo filamu bora ya mwaka. Mara ya pili nilikuwa peke yangu na earphone nzuri za kuazima. Mara ya tatu nilikuwa Makina, Kibera, ndani ya kibanda cha mabati cha binamu yangu, simu imeegemezwa kwa kopo la rangi na sauti imezimwa kabisa. Hakukuwa na sababu ya kuiwasha. Yeye hasikii, na mimi nilitaka kuona anachoona.

Hiyo mara ya tatu ndiyo imenifanya niandike hii. Filamu niliyokuwa naisifu imenitoka kidogo mikononi.

Kwa wale hawajaiona: ni filamu ya Darius Marder, ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2019. Riz Ahmed ni Ruben, mpiga ngoma wa bendi ya watu wawili. Mwenzake ni mpenzi wake Lou, na wanaishi ndani ya gari kubwa wanalosafiria. Ghafla masikio ya Ruben yanazimika. Zamani alitumia heroini na ana miaka minne bila kuigusa, kwa hivyo Lou anaogopa atarudi huko, anampeleka kwa Joe, mzee kiziwi anayeendesha nyumba ya viziwi wanaopambana na ulevi na dawa. Ruben anajifunza ishara, anazoea, karibu anapata amani. Lakini akilini mwake kuna kitu kimoja tu: kipandikizi cha kokilea. Anauza vyombo, anauza gari, anapasuliwa. Joe anamwambia aondoke. Mashine inapowashwa, dunia inarudi ikiwa na sauti kama ya bati linalokwaruzwa. Filamu inaisha Ruben ameketi kwenye benchi mtaani, kengele za kanisa zinampigia kelele, anavua vifaa vya masikio na kunabaki kimya.

Mwaka 2021 ilishinda Oscar mbili, ya sauti na ya uhariri. Ya sauti hakuna mtu angebisha. Unaingizwa ndani ya kichwa cha Ruben, unasikia kama uko chini ya maji, kisha unatolewa nje, kisha unarudishwa. Kwa mtu anayesikia ni kama kuonjeshwa uziwi kwa kijiko, halafu unanawa mdomo.

Sasa zima hiyo sauti. Kinabaki nini?

Binamu yangu alizaliwa 1997, Kawangware, upande wa Gatina. Mwaka 2003, akiwa na miaka sita, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alienda hospitali akiwa mtoto wa kelele na akarudi amenyamaza. Siku hizi najua zaidi. Bakteria wakishambulia utando wa ubongo, uvimbe unaweza kupita hadi ndani ya kokilea, kile kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono, na kuua vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa ubongo. Vikishakufa havioti tena. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria mmoja wa ugonjwa huu mwaka 2001, na dhidi ya mwingine mwaka 2011. Yeye alianguka katikati. Wa kwanza alimpita akiwa ameshakua, wa pili ulikuja akiwa tayari darasa la saba kwenye shule ya viziwi ya bweni, mbali na nyumbani.

Leo ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya watoto wa bweni. Januari huwezi kuongea naye, ana kazi hadi usiku. Majirani hulalamika juu ya nyundo yake na yeye huwaonyesha sikio na kucheka. Ndiyo, kiziwi anayepiga chuma kutwa, na mimi namletea filamu yenye jina hilo. Alipoelewa jina alidhani nimemtafutia filamu ya mafundi.

Kwa hivyo tulitazama. Dakika ishirini za kwanza, zile ambazo wakosoaji wote wamezisifu kwa sababu ya sauti, yeye aliziona kama mtu asiye na bahati anayezunguka akishika kichwa. Maandishi ya chini ya skrini yalikuwa yanasema muziki umekuwa mzito, sauti imefifia. Akasimamisha, akaniuliza kwa ishara: "kufifia" ni nini? Nikajaribu kueleza. Ni kama rangi ya sanduku ikichomwa na jua. Akatikisa kichwa, akaendelea.

Kazi yote ile ya Oscar, kwa mtu ambaye hadithi inamhusu, iligeuka kuwa maneno matatu ya Kiingereza chini ya picha. Simlaumu Marder kwa kutengeneza sauti. Filamu ni sauti na picha. Lakini tuache kusema kwamba filamu hii inatupeleka "ndani ya uziwi." Inatupeleka ndani ya hofu ya mtu anayesikia. Ni kitu kizuri pia, ila ni kitu kingine.

Halafu ikafika kwa shule. Kuna sehemu Ruben na mtoto kiziwi wako kwenye bembea ya kuteleza, ile ya chuma, na Ruben anapiga mdundo kwa mikono juu ya chuma. Mtoto anausikia kupitia chuma. Binamu yangu aliirudisha hiyo sehemu mara nne. Ya kwanza aliitazama kawaida. Ya pili alikuwa ameweka kiganja juu ya sanduku. Hiyo ndiyo sehemu ambayo filamu haihitaji spika, na naomba unielewe nikisema ndiyo sehemu bora kuliko zote, kuliko hata mwisho. Lauren Ridloff, anayecheza mwalimu wa wale watoto, ni kiziwi kweli, na ukimtazama bila sauti unaona tofauti. Mikono yake haiigizi. Paul Raci, aliyecheza Joe, anasikia, lakini amelelewa na wazazi viziwi na ishara zake ni za nyumbani. Ahmed alijifunza kwa ajili ya kazi na amejitahidi sana.

Sasa niingie kwa ugomvi wangu.

Kwanza, mashine yenyewe. Kipandikizi si kile kifaa cha kawaida cha kukuza sauti. Nje kuna maikrofoni na kompyuta ndogo nyuma ya sikio, na kisahani kinachonata kichwani kwa sumaku. Ndani ya fuvu kuna kipokezi, na kutoka hapo waya mwembamba wenye elektrodi, ishirini na kitu kwa mashine nyingine, unaoingizwa ndani ya konokono na kuchokoza mshipa wa kusikia moja kwa moja kwa umeme. Wazo ni la zamani. Alessandro Volta, yule wa betri, alijitia vyuma masikioni karibu mwaka 1800, akawasha umeme, akasikia kitu kama uji mzito unaochemka. Hakurudia mara nyingi. Mwaka 1978, kule Melbourne, daktari Graeme Clark, ambaye babake alikuwa haskii vizuri, alimpandikiza mtu mzima mashine ya elektrodi nyingi, na hapo ndipo maneno yalianza kueleweka.

Yaani sauti ya kwanza huwa ya ajabu, hilo filamu imesema ukweli. Wengi husema ni kama roboti, kama redio iliyokosa stesheni. Lakini filamu inakata hadithi hapo. Mtaalamu anawasha, anabonyeza bonyeza, Ruben anapanda ndege kwenda Paris, anasikiliza sherehe ya watu matajiri, anakata tamaa. Siku chache! Ukweli ni kwamba ubongo unajifunza kwa miezi, na mashine inarekebishwa tena na tena. Mwandishi Mmarekani Michael Chorost, aliyepoteza usikivu wake wote uliobaki mwaka 2001 na kupandikizwa, aliandika jinsi alivyokuwa akirudi kila mara kwa kipande kimoja cha muziki, Boléro ya Ravel, kupima kama programu mpya inampa kitu alichokosa jana. Mtu aliyepoteza masikio juzi, kama Ruben, ambaye ubongo wake bado unakumbuka ngoma na jina la mpenzi wake, ndiye kwa kawaida mwenye nafasi nzuri zaidi ya kufaidika. Marder amechukua yule ambaye mashine ingemfaa, akaifanya imshinde, kwa sababu benchi na kimya vinapendeza. Ni uamuzi wa msanii, sawa. Lakini watu wengi wanaamua mambo ya kweli kutokana na hii filamu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka ule shangazi aliponiuliza kuhusu "ile operesheni ya masikio", nilimjibu kwa uhakika wa mtu aliyetazama sinema moja: hiyo kitu huwa haifanyi kazi.

Ukitaka kuona swali la binamu yangu, swali la miaka mingi ya kimya, filamu ya kutafuta ni Hear and Now ya Irene Taylor Brodsky, ya 2007. Wazazi wake walizaliwa viziwi, wakaamua kupandikizwa wakiwa na miaka 65, na binti akawafuata na kamera. Haina ustadi wa Sound of Metal, pengine inaboesha kidogo, muziki wake ni wa kusukuma machozi. Lakini inakubali kitu ambacho Marder anakikwepa: mashine inaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa na bado mtu asielewe anachosikia, kwa sababu ubongo ulishagawa ile nafasi kwa mambo mengine. Na watu wawili wa nyumba moja wanaweza kuitikia tofauti.

Binamu yangu yuko katikati. Miaka sita ya kusikia, zaidi ya ishirini ya kutosikia. Na uti wa mgongo una ubaya wake wa ziada: baada ya uvimbe, mfupa unaweza kuota ndani ya kokilea na kuziba njia ya waya, wakati mwingine ndani ya miezi. Ndiyo maana madaktari wanaojua hukimbilia kumpandikiza mtoto mapema akiugua hivyo. Mwaka jana alifanyiwa skani. Sikio la kushoto limejaa mfupa. La kulia liko wazi nusu. Tukaambiwa inawezekana, haiwezi kuahidiwa, na ikatajwa bei inayoanzia milioni mbili kwa sikio moja, kabla ya safari za kurekebisha, betri, na ule waya wa nje ambao huharibika kwanza.

Shangazi akafungua kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo filamu ilinishika koo, mara ya tatu. Angalia Lou. Anampenda Ruben, hakuna shaka. Anaondoka ili apone. Lakini je, kuna mahali popote Lou anajifunza hata ishara moja? Hakuna. Ruben anajifunza lugha nzima kwa miezi, na mwanamke wake anamsubiri upande ule mwingine wa sauti, arudi. Wanapokutana Paris, kila kitu kinapitia ile mashine yake mpya, na ikishindwa, mapenzi yanashindwa. Filamu inahuzunika lakini haioni. Hakuna anayemuuliza Lou swali. Kiziwi ndiye anayesafiri siku zote.

Shangazi yangu ana ishara kama kumi na tano. Kula. Lala. Pesa. Kuja. Mvua. Wapi. Miaka zaidi ya ishirini. Mwanawe anaongea Lugha ya Ishara ya Kenya kwa kasi ya makanga wa 46, ana vichekesho, anasengenya, ana msimamo mkali kuhusu Gor Mahia, na mamake hajui hata kimoja. Katiba ya 2010 imeifanya lugha hiyo kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, kando ya Kiswahili na Kiingereza. Bungeni, ndiyo. Kwa meza ya shangazi, bado. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia unachanga milioni mbili za sikio na hujawahi kutafuta mtu wa kukufunza lugha ya mtoto wako. Niliona nimesema kitu cha maana sana. Hata mimi nilijifunza nilipokosa karo, nikaacha chuo na nikaanza kukaa pale kibandani kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Joe wangu alikuwa yeye, na nyumba ya Joe ilikuwa mabati mita tatu kwa tatu.

Shangazi hakunijibu siku hiyo. Alinijibu baada ya wiki, tukimenya mbaazi.

"Wewe," akasema, "2017 ulikuwa wapi?"

Nilikuwa chuo, ndani ya geti. Yeye alikuwa Kawangware ile Oktoba nyumba zilichomwa kule 56. Mwezi Agosti kijana wake alikuwa Kibera na polisi walikuwa wanafyatua risasi vichochoroni usiku. Alitoka nje kukojoa. Hakusikia chochote. Aliona tu majirani wamelala sakafuni mlango ukiwa wazi, wakimpungia mikono, na akarudi ndani. Anajua hatari kwa kutazama migongo ya watu: wakikimbia, anakimbia. Usiku hakuna migongo. "Polisi akimwambia simama," akasema shangazi, "nani atamwambia kwamba ameambiwa simama? Wewe na ishara zako?"

Sina jibu la hilo. Na Marder hana. Joe anaweza kufundisha kwamba uziwi si kitu cha kurekebishwa kwa sababu nyumba yake iko mahali ambapo kimya hakiui. Ana shamba, ana kahawa, ana kanisa la kulipa bili. Naheshimu anachosema, na viziwi wengi hapa Nairobi wangekubaliana naye neno kwa neno. Shule zetu za viziwi ziliwahi kuwalazimisha watoto kusoma midomo na kuficha mikono, na wazee waliopitia hapo hawataki kusikia tena habari ya kurekebishwa. Lakini hilo shamba lihamishe hadi kando ya reli ya Kibera, ambapo watu huuza viatu hadi karibu na chuma na treni inapita, halafu uniambie.

Binamu yangu, kwa upande wake, alimkasirikia Joe vibaya. Nilidhani atampenda. Alipofika pale Ruben anafukuzwa, alisimamisha simu na kuniandikia, kwa sababu ishara zangu zilikuwa zinachelewa: "Joe kiziwi. Ruben kiziwi bado. Mashine toa, kiziwi. Fukuza kwa nini?"

Nikajaribu kumtetea Joe. Nikasema nyumba imejengwa juu ya imani fulani, wengine watayumba. Akaniangalia kama mteja anayetaka sanduku kwa mia tatu. Kwake jambo ni rahisi: ukivua kisahani usiku wewe ni yuleyule. Kikidondoka kwa matatu, au kikinyakuliwa pale Stage 2, wewe ni yuleyule. Betri ikiisha na stima imepotea siku mbili, kama kawaida yetu, wewe ni yuleyule na unahitaji marafiki wako wa ishara wakiwa bado wanakuongelesha. Naona huu ni ukosoaji bora kuliko wangu wote. Filamu inafanya kana kwamba kuna mlango, ukipita umepita. Yeye anaona kitu cha kuvaa na kuvua, kama miwani yake ya kukatia bati.

Je, anaitaka? Nimemuuliza mara nyingi, na kwa aibu naweza kusema nilikuwa wa kwanza kumuuliza; wale thelathini na wanane wa kundi la WhatsApp walianza kwa kutuma pesa. Jibu lake hubadilika. Wiki moja anasema apewe hizo milioni anunue mashine ya kukunja bati na aandike viziwi wenzake watatu kazi, kama ule mkahawa wa Lavington, Pallet Café, ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja ndiye anayejifunza kuagiza kwa ishara. Ni mwendo wa miguu tu kutoka kwa mamake. Wiki nyingine anauliza mvua juu ya mabati huwa inasemaje, kwa sababu anakumbuka kwamba ilikuwa inasema kitu, na hakumbuki ni nini.

Sitasema usiitazame Sound of Metal. Itazame. Ahmed ni mwigizaji wa hatari, macho yake peke yake yanabeba nusu ya filamu. Lakini ukifika kwa benchi, kabla hujaandika status kama mimi, kumbuka Ruben amelipwa kusitasita na waandishi. Alikuwa na gari la kuuza. Ana Paris. Anavua vifaa na dunia inayomzunguka haina risasi wala treni. Kimya chake ni kizuri kwa sababu kiko salama. Na alichagua mwenyewe vyote viwili, kupasuliwa na kuvua.

Kundi limefikisha laki tatu na arobaini. Miadi nyingine ni mwezi ujao.

Wiki iliyopita nilimpelekea shangazi filamu kwa flash, akaiweka kwa TV ya jirani. Kiingereza kile cha haraka hakikumfaa, aliruka ruka hadi mwisho. Nilipopita kwake jioni alikuwa anakata sukuma ya wateja.

"Sasa ile mashine," akaniuliza, "baada ya kuitoa, aliiuza?"

Nikamwambia haijulikani, filamu inaishia hapo.

"Milioni ngapi, na inaishia hapo." Akageuza kichungu cha sukuma. "Shika hiki kisu kama umekaa."